Nyumba Isiyosema Karibu

Kabla hujaniuliza nani kanihadithia, nikujibu kabisa: hakuna. Nilikuwepo. Niliyaona yote kwa macho haya haya, na macho yangu Katubuka nzima inayajua. Ndiyo yaliyomwona mamba wa Katonga kabla mamba mwenyewe hajaamua kutokeza. Ukimsikia mtu mwingine anaisimulia habari hii, ujue kaipata kwangu, tena kaipata nusu.

Sasa tulia.

Mwaka ule vita vya ng'ambo ya ziwa, Kongo, vilikuwa vimemwaga watu Kigoma kama dagaa wanavyomwagwa juani. Maboti yalikuja mchana, yakaja usiku. Watu wa Uvira, wa Fizi, wa Baraka, wanashuka na magodoro, wanashuka na kuku, wengine wanashuka na roho zao tu. Waliopata malori walipelekwa kambini. Wenye ndugu walijibanza kwa ndugu. Wasio na ndugu walijibanza popote penye ukuta, na Ujiji kila baraza ilikuwa na mtu kalala.

Katikati ya vurugu hiyo, binti mmoja anapima nyumba.

Huyo ni Melania, mtoto wa mzee Feliksi wa Mwandiga, yule mwenye michikichi. Msomi hasa! Alikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, anatafuta digrii ya pili, na digrii yenyewe ni ya historia na kuhifadhi mambo ya kale. Mimi, niliyeachana na shule darasa la sita kwa kutoelewana na mwalimu wa hesabu, nilimuuliza siku ya kwanza: "Dada, hivi kweli mtu anasomea nyumba bovu?"

"Nyumba bovu ndiyo yenye maneno, kaka Abdul. Mpya ina nini cha kusema?"

"Ina bati."

Akacheka, akanipa kazi ya kumshikia tepu. Na usidharau kazi hiyo. Tepu ile ilikuwa ndefu, utepe wa manjano unaoviringishwa kwenye kibati. Wewe unashika mwanzo wake, penye sufuri, unaubana ukutani. Yeye anakwenda na kibati mpaka mwisho, anasoma, anachora. Ukilegeza mkono kidogo tu, nyumba inakuwa ndefu kuliko Mungu alivyoijalia. Mimi sikulegeza. Katika nyumba zote alizopima Ujiji, hakuna iliyorefuka mikononi mwangu.

Isipokuwa hiyo ya mwisho.

Ilikuwa nyumba ya ukoo wa marehemu mume wa Bi Kuruthumu. Kuta za udongo, nene, dirisha lake ukilitazama utadhani tundu la panya. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao za kuchongwa, mweusi, mzito. Ukiuvuka, ukumbi unakwenda mbele moja kwa moja bila kukunja, vyumba huku na huku, na mwisho kabisa kipo chumba kimoja kisicho na dirisha hata la kupitisha kidole. Bi Kuruthumu hakuishi mle. Alikuwa na kijumba chake ng'ambo ya njia, na kila asubuhi alikuja kufagia, akafungua milango hewa ipite, akafunga mapema.

Shirika moja la misaada lilikuwa limeiomba nyumba iwe ghala la unga wa wakimbizi. Siku tulipoingia mle, kesho yake walikuwa waje na chokaa, wapake, wajaze magunia. Kwa hiyo Melania alikuwa na siku hiyo moja tu. Chumba kisichopimwa leo, kingelala chini ya magunia na yeye angerudi Dar na nyumba isiyo na mgongo.

Tulianza alasiri. Tukiwa ukumbini, jirani mmoja, Mwanvua, alisimama kizingitini na bakuli la futari ya mihogo.

"Hodi wenyewe!"

"Nasi wageni!" Bi Kuruthumu akaitikia kutoka chumbani alikokuwa akifagia.

"Haya wageni wenzangu, futari hii inapoa."

Melania akasimamisha kalamu. Bi Kuruthumu alipotoka kupokea bakuli, akamuuliza kwa adabu yote: "Bibi, samahani. Mbona hukumwambia karibu?"

"Humu hatusemi hivyo."

"Kwa nini, bibi?"

"Ndivyo tulivyokuta, mwanangu." Akafunika bakuli kwa ukingo wa kanga yake. "Kwangu kule ng'ambo ya njia nasema karibu mpaka koo linakauka. Humu, mtu akibisha, twamwambia nasi wageni, kisha twatoka kumpokea nje."

Melania akafurahi kama aliyeokota dhahabu. Akaniambia pembeni kwamba huo ni uungwana wa Kiujiji, watu wa biashara na safari, hata nyumbani mwao wanajihesabu wapita njia. Alilisema vizuri sana. Angekuwa anahutubia, ningepiga makofi.

Jua lilipoanza kushuka, Bi Kuruthumu akatukabidhi ufunguo. "Likigusa maji, tokeni. Mfunge mniletee."

"Sawa, bibi."

Lakini hatukutoka.

Kosa lilikuwa ukuta. Wasomi wa kazi hiyo wana tabia moja: hawauamini ukuta mpaka wameukwangua. Melania alikuwa ameingia kile chumba cha mwisho na kisu chake kidogo, anatoa chokaa tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya yai. Chini ya tabaka la mwisho alitegemea udongo. Akakuta weusi. Weusi laini, unaoteleza, kama mpini wa jembe uliorithiwa. Akakwangua pembeni. Ukanda ule unaendelea. Akakwangua ukuta wa pili, nao upo. Wa tatu vilevile. Haukuwa juu wala chini. Ulikuwa usawa wa mabega ya mtu aliyekaa sakafuni.

Akauwekea kiganja. Akavuta mkono haraka.

"Nini?" nikamuuliza.

"Migongo," akasema polepole. "Watu walikaa hapa, kaka Abdul. Wameegemea. Muda mrefu mpaka ukuta ukala mafuta ya miili yao."

"Walikuwa wakingoja nini?"

Akatazama ukumbini, akaona mwanga umeshakuwa mwekundu, akashtuka. "Kipimo kimoja tu tumalize. Nenda mlango wa mbele, ushike. Napima kutoka kizingiti mpaka ukuta huu wa nyuma."

Nikaenda, nikabana sufuri kizingitini, nikasimama mlangoni. Yeye akaingia ndani na kibati chake, utepe ukinyooka kati yetu. Kutoka nilipokuwa sikumwona tena; chumba kilikuwa kimemmeza. Msikitini wakaanza kuadhini magharibi.

Ya ndani nitakueleza alivyoyaona yeye.

Melania alifika ukuta wa nyuma. Akabana tepu, akainama na tochi asome.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamume. Imechoka. Si ya mtu wa Ujiji, ina ule mburuto wa watu wa ng'ambo.

Wiki ile hodi za namna hiyo zilikuwa zimejaa mji mzima. Maji ya kunywa, hodi. Kivuli, hodi. Na mtoto aliyelelewa na watu, awe Muha awe Mmanyema, hodi haimpiti hivi hivi. Mdomo huwa unatangulia akili. Wa Melania ukatangulia.

"Karibu!"

Mimi huku nje nikasikia karibu hiyo, nikadhani naambiwa mimi. Nikapaza sauti: "Nimekaribia tangu mchana, dada! Soma tepu twende!"

Hakusikia.

Alichosikia ni kitu kingine. Hatua hazikupita ukumbini. Hakuna kivuli kilichozuia mwanga wa mlango. Lakini pale kulia kwake, karibu kabisa, ukutani...

Kikwaruzo.

Sauti ya mgongo unaoteremka ukutani taratibu. Kisha pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Harufu ikajaa: mawese yaliyochacha, na kutu. Kutu ya chuma kilicholowana.

"Ahsante, mwenye nyumba."

Melania akageuza tochi. Ilikuwa inawaka vizuri. Mwanga ukafika ukutani, ukaishia juu ya ule ukanda mweusi. Chini ya ukanda haukushuka. Kama maji yanayokataa kuingia shimoni.

"Mimi... mimi si mwenye nyumba," akanong'ona.

"Umekaribisha."

Na kabla hajajua aseme nini:

"Hodi..."

Hii ilikuwa ya mwanamke. Melania akaziba mdomo kwa kiganja, akakaza. Alikuwa ameelewa. Chote alichokiita uungwana mchana ule kilikuwa onyo. Akakaza mpaka meno yakauma midomo.

"Karibu."

Aliisikia. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imepita katikati ya vidole vyake.

Mgongo ukateremka ukutani.

"Hodi..."

"Karibu."

"Hodi..."

"Karibu."

Sasa nikuambie nilichosikia mimi. Hizo hodi sikusikia hata moja. Nilisikia karibu tupu. Karibu, karibu, karibu, zinafuatana, kama mama mwenye harusi anapokea wageni mlangoni. Na mlango wenyewe nimesimama mimi! Hapajapita mtu, hapajapita paka. Nywele zikanisimama, nami nilikuwa nimenyoa juzi yake.

"Dada Melania?"

"Karibu."

Ndani, chumba kilikuwa kimejaa. Hakuona mtu, lakini alijua kimejaa, kama unavyojua gizani kwamba zizi lina ng'ombe. Pumzi kila upande. Chuma kikigusa chuma, kidogo... kidogo... anapojinyoosha mmoja, wa pili naye anavutwa.

Akaamua kutoka. Mlango wa mbele aliuona: mstatili mwekundu mwisho wa ukumbi, na mwanga wa magharibi umetulia pale kama kaa la moto. Tena alikuwa na utepe mkononi. Mwisho wake uko kwangu. Akili ya kisomi ikamwambia, fuata utepe, hauwezi kukupoteza.

Akaufuata, mkono baada ya mkono. Akatoka chumbani. Akaingia ukumbini. Akapiga hatua, akapiga hatua, anatazama mbele. Mlango hausogei.

Akatazama namba.

Wewe hujashika tepu, kwa hiyo nikueleze. Ukielekea kwenye sufuri, namba zinapaswa kupungua. Tano, nne, tatu, umefika. Melania aliangaza tochi juu ya utepe akaona namba zinapanda. Kila hatua ya kwenda mlangoni, zinapanda. Tepu ile ilikuwa ya mita thelathini, mimi mwenyewe niliiviringisha kila jioni.

Akasoma arobaini na moja.

Akasimama.

"Mwenye nyumba..." Sauti ilikuwa nyuma ya kisigino chake. Akageuka. Kizingiti cha kile chumba kilikuwa pale pale mguuni pake, kana kwamba hakuwahi kukiacha. "Unatuacha?"

"Kaka Abdul!" akapiga kelele. "Vuta! Vuta tepu!"

Kwangu kelele hiyo ilifika kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Lakini ilifika. Nikavuta! Na huko ndani kikavuta. Si Melania, mikono ya mtoto wa kike naijua. Kilivuta kitu kizito, kwa utulivu, kama nyavu iliyonasa mti chini ya ziwa. Mtu mwingine angeachia. Mimi nikauzungusha utepe kiganjani, ukanikata, kovu hili hapa. Lakini kumtoa sikuweza, na kuingia...

Tuache hilo la kuingia.

Ndani Melania alikaa chini, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Mwanga mwekundu haukuzidi wala kupungua. Aliingoja isha iadhiniwe, haikuadhiniwa. Magharibi ilikuwa imekwama.

"Tumengoja sana," mmoja akasema.

"Safari lini?" mwingine.

"Chakula kipo?"

"Nami mgeni," Melania akasema, analia. "Nami mgeni jamani. Mimi wa Mwandiga. Nimekuja kupima tu."

Kisha yule wa kwanza, yule aliyechoka, akajibu bila hasira hata chembe:

"Mgeni hamkaribishi mgeni."

"Nitatokaje?"

"Mwenyeji hawezi kuwaacha wageni peke yao. Hilo hata wewe umefunzwa kwenu." Chuma kikalia. "Labda apatikane mwenyeji mwingine."

"Mana yanje..." Hiyo ni Mungu wangu, kwa Kiha. Mtu akibanwa kweli hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Ndipo alipokuja Eufrasia.

Huyu nilimwona kwa macho, hapa hakuna ubishi. Alitokea upande wa ziwani, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, mtoto kamfunga mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala begani. Mwembamba. Alinisogelea pale mlangoni, akanitazama, akaona mimi si wa kuombwa. Mkono unavuja damu, nimeshikilia utepe kama mvuvi mwehu. Akanipita kwa macho, akaita ndani:

"Hodi! Mwenye nyumba, naomba tu fasi ya kulala. Ni mi na mutoto. Kesho tutaenda."

Melania aliisikia hodi hiyo, akajua ni tofauti. Ilikuwa na uhai. Ilikuwa na mafua. Nyuma yake mtoto alikohoa.

Na chumba kizima kikanyamaza, kinasikiliza.

Akajua hapo hapo kinachotakiwa. Hakuambiwa. Mwenyeji mwingine yuko mlangoni, kaja na miguu yake, anaomba. Neno moja tu.

Melania akalikataa. Akang'ata ulimi. Akamkumbuka mama yake Mwandiga, alivyokuwa akimfunga mgongoni hivyo hivyo akienda shambani. Akajiambia mtu aliyekimbia vita, akavuka ziwa, akafika na mtoto hai, hawezi kufikishwa hapa. Akajaribu kumfukuza kwa sauti: "Nenda, mama! Usiingie humu, nenda!" Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Machozi yakamlowesha mpaka kifuani. Muda mrefu ukapita, muda usio na saa, na wale ukutani hawakumharakisha. Wao kungoja wamezoea.

Mtoto akakohoa tena.

Melania akafumba macho.

"Karibu, mama," akasema. "Nyumba ni yako."

Utepe ukalegea mkononi mwangu, nikarudi nyuma, nikaanguka chali barazani. Nilipoinua kichwa, Eufrasia alikuwa ameshavuka kizingiti. Nikamwona Melania anakuja kutoka mwisho wa ukumbi, na ukumbi ni mfupi tu, ule ule wa mchana. Wakapishana katikati. Bega la huyu likagusa bega la yule. Eufrasia akamwambia "aksanti sana, dada", akaendelea mbele, kuelekea kule chumba cha mwisho, kana kwamba kuna mtu anamwonyesha njia.

Melania akatoka nje, akakaa chini mchangani, nje kabisa ya baraza. Msikitini walikuwa wanamalizia adhana. Adhana ile ile ya magharibi.

Niliivuta tepu yote nje, nikaiviringisha kwa mkono mmoja. Mwanzo ulikuwa mkavu. Uliobaki wote ulikuwa mweusi, unateleza, unanuka mawese.

Bi Kuruthumu akaja anakimbia, kanga moja mkononi, ametuona hatujarudisha ufunguo. Hakutusalimu. Alimtazama Melania usoni, akatazama mlango ulio wazi.

"Nani yumo?"

"Mama mmoja, bibi. Mkimbizi. Na mtoto."

"Umemwambiaje?"

Melania akageuza uso upande wa ziwa.

"Mwanangu, umemwambiaje?"

Bibi wa watu akakaa chini naye, pale pale mchangani, akajishika kichwa.

Siku zilizofuata nilimdodosa bibi mpaka akanipa kidogo alichokuwa nacho. Alisema ukoo wa mumewe haukuijenga nyumba ile. Waliikuta wazi, hakuna anayeidai. Aliyeijenga alikuwa mtu wa misafara ya watumwa. Alileta watu kutoka ng'ambo, akawaweka katika kile chumba, akawaambia kwa maneno matamu: karibuni, ninyi wageni wangu, pumzikeni, nikirudi tunaondoka. Akafunga kwa nje. Alikokwenda hakurudi, nao wakafia mle wakingoja. Kama alikufa, kama alisahau, Bi Kuruthumu hakujua, na mkwewe hakujua. "Wale wa chumbani wanajua jambo moja tu," aliniambia. "Kwamba kuna aliyesema karibu. Basi anayelisema neno hilo humo, kwao ni yeye."

"Sasa wanataka nini?"

"Wewe ukikaribishwa unataka nini?"

Kesho ya jioni ile, watu wa chokaa walifika, wakamkuta Eufrasia anafagia ukumbi. Wakamwambia malori ya kambini yanaondoka, huko kuna hema, kuna unga. Akawaambia kwa upole hawezi. "Niko na wageni." Wakachungulia, wakaona chumba kitupu na mtoto anacheza sakafuni. Wakadhani vita vimemgusa akili. Unga ukapelekwa kwingine.

Vita vya ng'ambo vikatulia, vikaanza, vikatulia. Meli ziliwarudisha wenzake kwao, makundi kwa makundi. Yeye hakupanda. Nilikuwa nikipita njia ile, upande wa pili bila shaka, nikimwona jioni anapika. Sufuria lake ni la harusi, na nyumbani wako wawili. Asubuhi yuko kizingitini analisugua, chakula kimekwisha chote. Hajawahi kufika hata barazani. Vitu vya sokoni Bi Kuruthumu alimpelekea, na alipofariki, Mwanvua akaichukua kazi hiyo. Yule mtoto siku moja nilimsikia anatoa shikamoo kwa adabu: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nikachungulia toka njiani. Alikuwa anapita kando ya ukuta, anainamisha kichwa kwa kila mmoja.

Na jambo lililonishinda ni hili. Wakimbizi wengine walikuja kumbishia hodi yule mama, mara nyingi tu. Watu wa kwao, wenye watoto kama yeye. Kila mara alitoka mbio mpaka kizingitini na mwiko wa ugali, akawafukuza kwa matusi ya lugha ya kwao. Mji mzima ukamwita bahili, mtu kakaribishwa naye hakaribishi. Bi Kuruthumu aliposikia maneno hayo alikuwa akilia tu. Angeweza kutoka siku yoyote. Neno moja. Hajalisema mpaka leo.

Melania? Alimaliza. Digrii ya pili akaipata kwa sifa, nyumba zote za Ujiji zimo, zimechorwa vizuri. Sasa ni mtu mkubwa kwenye mambo ya kale huko Dar. Wanaomtembelea kwake wanamsema anaringa: ukibisha hodi haitikii. Anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, anafungua, anakutazama miguu kwanza.

Basi. Nimekusimulia kama nilivyoona, na ya ndani kama Melania alivyoniambia usiku ule ule tukirudi Mwandiga. Sikuongeza chumvi.

Ila punje moja.

Kule kulikataa neno. Kung'ata ulimi, kumkumbuka mama yake, yale machozi, ule muda mrefu. Hayo ni yangu. Niliyatia kwa sababu ni mtoto wa kwetu, na ukiisimulia bila hayo watu wanainamisha vichwa, hakuna anayeomba nyingine. Yeye mwenyewe aliponieleza hakuyataja, na kutokutaja nisingelijali, mtu kachanganyikiwa.

Lakini nilikuwa pale mlangoni, nimeshika tepu. Hodi ya yule mama niliisikia. Na karibu ya Melania niliisikia. Kati ya hizo mbili hapakuwa na nafasi hata ya kumeza mate.